Namba ya mlipakodi ya nchi ya nje

Namba ya mlipakodi ya nchi ya nje ni namba ya utambulisho wa mlipakodi (TIN) iliyotolewa na mamlaka ya kodi ya nchi tofauti na nchi inayotoa fomu inayojazwa. Fomu nyingi za forodha, za kodi ya mapato na za benki huomba namba hiyo pale mmoja wa wahusika wa malipo au wa mzigo anapokaa nchi nyingine. Kuijaza vibaya husababisha mzigo kuchelewa mpakani, kodi kukatwa mara mbili, au malipo kuandikwa kwa jina la mtu asiyehusika.

Makala hii inaeleza ujazaji wa namba hizo kwa mifano ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Huko biashara ya kila siku hukutanisha namba za Tanzania, Uganda na Rwanda, na namba za nchi mbili kati ya hizo zina idadi ileile ya tarakimu.

Mazingira ya Karagwe na Kyerwa

Wilaya ya Kyerwa iliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka wilaya ya Karagwe. Makao makuu ya Karagwe yako Kayanga. Mto Kagera unapita kwenye mipaka ya eneo hilo: Karagwe inapakana na Rwanda upande wa magharibi, na Kyerwa inapakana na Rwanda pamoja na Uganda. Katika kata ya Murongo, wilaya ya Kyerwa, kuna kivuko cha kwenda Kikagati, wilaya ya Isingiro nchini Uganda. Vituo vikubwa zaidi vya mpakani katika mkoa wa Kagera ni Mutukula (wilaya ya Missenyi) kwa Uganda na Rusumo (wilaya ya Ngara) kwa Rwanda. Vyote viwili vina vituo vya huduma kwa pamoja, ambapo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi sehemu moja. Kile cha Rusumo kilizinduliwa mwaka 2016 na cha Mutukula mwaka 2017.

Zao kuu la biashara ni kahawa, hasa ya aina ya robusta, ambayo wakulima huiuza kupitia vyama vya msingi vya ushirika na vyama vikuu kama Chama Kikuu cha Ushirika Karagwe (KDCU). Maharage, ndizi, mahindi na mifugo pia huuzwa ndani na nje ya nchi. Kyerwa kuna machimbo ya madini ya bati. Kwa miaka mingi kiasi fulani cha kahawa kimekuwa kikivushwa kwenda Uganda kwa magendo, na viongozi wa serikali wamekuwa wakikemea jambo hilo mara kwa mara. Mfanyabiashara anayetaka kupita njia halali anahitaji hati zisizo na dosari, na miongoni mwa mambo ya kwanza yanayoangaliwa katika hati hizo ni namba ya mlipakodi.

Jina pekee halitoshi kumtambua mtu katika eneo hili. Lugha ya Kinyambo inakaribiana sana na Kinyankole cha Uganda, na majina mengi hutumika pande zote za mpaka. Jina kama Mugisha linapatikana Kagera, magharibi mwa Uganda na Rwanda. Watu wawili wenye majina yanayofanana kabisa wanaweza kuwa walipakodi wa nchi mbili tofauti, na kinachowatofautisha katika hati ni namba pamoja na jina la nchi iliyoitoa.

Maana ya "nje" katika fomu

Neno "nje" au "kigeni" katika fomu hutegemea nani ametoa fomu hiyo. Halitegemei nani anaijaza. TIN iliyotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ni namba ya ndani katika fomu ya TRA, lakini ni namba ya nchi ya nje katika fomu ya Uganda, Rwanda au Marekani. Mkazi wa Kayanga anayejaza fomu ya Marekani huandika TIN yake ya TRA mahali palipoandikwa namba ya kigeni, ingawa kwake yeye namba hiyo si ya kigeni hata kidogo. Makosa mengi huanzia hapo.

Jambo la pili ni kwamba namba ya mlipakodi hufuata ukaazi wa kikodi, na ukaazi huo si sawa na uraia. Kwa sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania, mtu anayekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato huhesabiwa kuwa mkazi katika mwaka huo. Raia wa Uganda anayeishi na kufanya biashara Omurushaka, wilaya ya Karagwe, anaweza kuwa mkazi wa kikodi wa Tanzania. Mtanzania anayeishi Mbarara anaweza kuwa mkazi wa kikodi wa Uganda. Fomu ikiuliza nchi ya ukaazi wa kikodi, jibu ni nchi hiyo hata kama pasipoti ni ya nchi nyingine. Mtu anaweza pia kuwa na namba za nchi mbili kwa wakati mmoja, na fomu nyingi huacha nafasi ya kuandika zote, kila moja mbele ya nchi yake.

Muundo wa namba za nchi jirani

Mamlaka nne za mapato za Afrika Mashariki zilianzishwa katika muda wa miaka michache: ya Uganda (URA) mwaka 1991, ya Kenya (KRA) mwaka 1995, ya Tanzania (TRA) ilianza kazi mwaka 1996, na ya Rwanda (RRA) ilianzishwa mwaka 1997. Kila moja ilipanga namba zake yenyewe, na hata baada ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kuanza mwaka 2005, hakuna namba moja ya mlipakodi kwa nchi zote za jumuiya.

- Tanzania: TIN ina tarakimu 9. Kwenye cheti kwa kawaida huandikwa katika mafungu matatu yenye vistari, kwa mfano 123-456-789.
- Rwanda: TIN ina tarakimu 9, bila herufi.
- Uganda: TIN inayotolewa na URA ina tarakimu 10, bila herufi.
- Kenya: namba huitwa PIN. Ina nafasi 11: herufi moja, tarakimu 9, kisha herufi moja. PIN ya mtu binafsi huanza na A, na ya kampuni huanza na P.

Orodha hii inaonyesha tatizo la mpaka wa magharibi. Namba ya Kenya hujitambulisha yenyewe kwa herufi zake. Ya Uganda hujulikana kwa kuwa na tarakimu moja zaidi. Lakini namba ya Tanzania na ya Rwanda zote zina tarakimu 9, hivyo idadi ya tarakimu haiwezi kuonyesha ni ya nchi gani. TIN ya mnunuzi wa Kigali ikiandikwa mahali pa TIN ya Tanzania, urefu wake hautamshtua anayeisoma, wala mfumo unaoangalia urefu peke yake. Inawezekana kabisa tarakimu zilezile zikawa za mlipakodi wa Tanzania asiyejua lolote kuhusu mzigo huo. Kwa sababu hiyo namba ya mlipakodi bila jina la nchi haijakamilika.

Namba zinazochanganywa na TIN

Mtu mmoja au kampuni moja huwa na namba kadhaa za serikali. Zifuatazo mara nyingi huandikwa kimakosa mahali pa TIN:

- Namba ya kitambulisho cha taifa. Ya Tanzania, inayotolewa na NIDA, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Ya Rwanda ina tarakimu 16. Nchini Tanzania namba ya NIDA hutumika kuombea TIN, lakini haichukui nafasi yake.
- Namba ya usajili wa VAT. Nchini Tanzania huitwa VRN na ni tofauti na TIN. Aliyesajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ana namba zote mbili.
- Namba ya usajili wa kampuni au ya jina la biashara, ambayo Tanzania Bara hutolewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA).
- Namba ya leseni ya biashara, inayotolewa na halmashauri au BRELA.
- Namba ya EORI, ambayo waagizaji wa Umoja wa Ulaya hutumia katika forodha. Huanza na herufi mbili za nchi, kwa mfano DE kwa Ujerumani. Mnunuzi wa kahawa wa Ulaya anaweza kuituma kwa muuzaji wa Karagwe kwa ajili ya hati za mzigo, lakini haipaswi kuandikwa mahali palipoombwa TIN.

Baadhi ya nchi hutumia namba moja kwa kazi mbili. Marekani, kwa mfano, hutumia namba ya hifadhi ya jamii kama namba ya mlipakodi ya mtu binafsi. Sheria za aina hiyo hubadilika, na kwa hiyo njia salama ni kumwomba mhusika nakala ya cheti cha TIN au hati ya mamlaka ya kodi ya nchi yake, badala ya kukisia kutokana na kitambulisho kingine.

Katika hati za forodha

Tamko la forodha lina sehemu tatu zinazohusu watu: anayepeleka mzigo, anayepokea mzigo, na wakala au mtoa tamko. Katika hati ya pamoja inayotumika katika mifumo mingi ya forodha, sehemu hizo ni kisanduku cha 2, cha 8 na cha 14. Kila kisanduku kina namba ya mtu wake. Kosa la kawaida ni kuandika namba ya wakala mahali pa mwenye mzigo. Mzigo huonekana kuwa wa wakala, na mwenye mali hukosa ushahidi kwamba yeye ndiye aliyeuza au kununua.

Tangu mwaka 2014 nchi za jumuiya zimekuwa zikitumia utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha. Chini yake, tamko la kuingiza bidhaa hutolewa katika mfumo wa nchi ya mwisho, hata kabla ya mzigo kufika huko. Mfano ni mzigo wa maharage kutoka Kayanga kwenda Kigali kupitia Rusumo. Katika tamko la Tanzania la kupeleka bidhaa nje, muuzaji wa Kayanga ndiye mwenye TIN ya ndani, na mnunuzi wa Kigali ni mtu wa nje. Katika tamko la Rwanda la kuingiza bidhaa mambo hugeuka: mnunuzi ana TIN ya ndani ya RRA, na muuzaji wa Kayanga ndiye wa nje. Anayenakili hati moja kwenda nyingine bila kuzingatia mgeuko huu huishia kuweka namba ya Tanzania mahali pa namba ya Rwanda. Kwa kuwa zote zina tarakimu 9, kosa hilo halionekani kwa macho.

Wafanyabiashara wadogo wana utaratibu mwepesi zaidi. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, zilizo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa mpakani. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa inayostahili. Hakiondoi kodi nyingine za ndani wala masharti ya afya ya mimea na mifugo. Anayevuka kwa utaratibu huu bado anatakiwa kuandika jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, na kutotumia namba ya mlipakodi ya mtu mwingine kwa sababu tu yake haipo.

Kuazima namba ni jambo lenye hatari kubwa kuliko kosa la kuandika. Mauzo yanayopitishwa kwa TIN ya jamaa au rafiki huhesabiwa kuwa mauzo yake. Mwisho wa mwaka mwenye namba anaweza kudaiwa kodi ya mapato ambayo hakuyapata, na mfanyabiashara mwenyewe hukosa kumbukumbu za kuombea mkopo au kudhibitisha mauzo yake.

Katika risiti na kodi ya zuio

Tanzania ilianza kutumia mashine za kielektroniki za risiti (EFD) mwaka 2010. Katika mfumo huo mnunuzi hutambuliwa kwanza kwa aina ya kitambulisho, kisha kwa namba. Aina hizo ni pamoja na TIN, leseni ya udereva, kadi ya mpiga kura, pasipoti na kitambulisho cha taifa. "TIN" katika orodha hiyo ni TIN ya Tanzania. Mnunuzi kutoka Kikagati asiye na TIN ya Tanzania hawezi kuingizwa chini ya aina hiyo kwa kutumia TIN yake ya Uganda. Pasipoti inafaa zaidi, na TIN yake ya Uganda huandikwa kwenye ankara na hati za mzigo pamoja na neno "Uganda".

Uganda ina mfumo wake wa stakabadhi za kielektroniki uitwao EFRIS, ambao una aina maalumu ya mnunuzi kwa ajili ya wageni. Mtanzania anayenunua bidhaa Uganda anapaswa kuorodheshwa kama mgeni. Akiingizwa kama mfanyabiashara wa ndani, mfumo utasubiri TIN ya Uganda ambayo yeye hana.

Usahihi huu una uzito katika VAT. Nchini Tanzania kiwango cha kawaida ni 18%, lakini bidhaa zinazouzwa nje ya nchi hutozwa 0%. Muuzaji aliyesajiliwa anayedai kwamba mauzo yake yalikwenda nje lazima aonyeshe hati zinazolingana: ankara, tamko la forodha na ushahidi wa malipo. Ikiwa ankara ina namba ya mtu mmoja na tamko lina namba ya mwingine, muuzaji anaweza kushindwa kuthibitisha kwamba ni mauzo yaleyale, na kudaiwa 18% ambayo hakumtoza mnunuzi.

Kodi ya zuio nayo hutegemea namba. Mlipaji wa Tanzania anayemlipa mtu asiye mkazi ada ya huduma hukata 15% na kuipeleka TRA, kisha humpa aliyelipwa cheti cha kodi hiyo. Cheti ndicho kinachomwezesha aliyelipwa kuonyesha katika nchi yake kwamba kodi imekwisha kukatwa. Fundi wa Uganda aliyetengeneza mashine ya kukoboa kahawa Kyerwa, na ambaye TIN yake imeandikwa ikiwa na tarakimu 9 badala ya 10, ana cheti kisichomtaja mtu yeyote. Vivyo hivyo, mkazi wa Karagwe aliyepata kipato Uganda na kukatwa kodi huko anaweza kuomba kodi hiyo izingatiwe na TRA, kwa sababu mkazi wa Tanzania kwa kawaida hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima. Asipokuwa na hati yenye jina na namba sahihi, hulipa kodi mara mbili kwa kazi moja.

Katika fomu za Marekani

Kijana wa Kayanga au Nkwenda anayeweka video kwenye YouTube, anayeuza picha mtandaoni au anayeifanyia kazi kampuni ya Marekani hukutana na fomu W-8BEN. Fomu hii ni ya watu binafsi wasio wakazi wa kikodi wa Marekani. Haipelekwi kwa mamlaka ya kodi ya Marekani moja kwa moja, bali hupewa kampuni inayolipa. Kampuni na vyama vya ushirika hutumia fomu nyingine, W-8BEN-E.

Katika W-8BEN mstari wa 5 ni wa namba ya mlipakodi ya Marekani. Mstari wa 6a ni wa namba ya mlipakodi ya nchi ya nje, na mstari wa 6b ni kisanduku cha kuweka alama ikiwa sheria ya nchi ya mhusika haimlazimu kuwa na namba hiyo. TIN ya TRA huandikwa 6a. Mstari wa 5 huachwa wazi na asiye na namba ya Marekani.

Hapa tatizo la tarakimu 9 linajirudia. Namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani ina tarakimu 9 zilizogawanywa 3-2-4, na namba ya mwajiri ina tarakimu 9 zilizogawanywa 2-7. TIN ya TRA ikiandikwa mstari wa 5 inatosha kabisa kwa idadi ya tarakimu, na inaweza kusomwa kama namba ya Mmarekani fulani. Mistari mingine ya kuangaliwa ni mstari wa 8, ambapo tarehe ya kuzaliwa huanza na mwezi kabla ya siku, na sehemu ya pili ya fomu, inayohusu mikataba ya kodi. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, hivyo mkazi wa Tanzania hana punguzo la kudai katika sehemu hiyo.

Mapato yenye chanzo Marekani, kama mrabaha, hukatwa 30% kwa mtu asiye na nafuu ya mkataba. Kwa YouTube kiwango hicho huhusu mapato yanayotokana na watazamaji walioko Marekani pekee. Asiyewasilisha taarifa za kodi anaweza kukatwa hadi 24% ya mapato yake yote ya dunia. Kwa mtu ambaye watazamaji wake wengi wako Tanzania, Kenya na Uganda, fomu iliyojazwa vizuri huokoa sehemu kubwa ya malipo. Malipo ya kazi iliyofanyika Tanzania yenyewe hayahesabiwi kuwa na chanzo Marekani, lakini kampuni inayolipa huomba fomu hiyo ili kuwa na uthibitisho kwamba aliyelipwa si mkazi wa huko. Kwa kawaida fomu hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka iliposainiwa.

Katika fomu za benki

Benki nyingi duniani huwataka wateja wataje nchi zao za ukaazi wa kikodi na namba zao za mlipakodi. Chanzo kimoja ni sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iitwayo FATCA. Kingine ni kiwango cha kubadilishana taarifa za akaunti kilichotolewa na shirika la OECD mwaka 2014. Mtu wa Karagwe aliyefungua akaunti nje wakati wa masomo au kazi huulizwa maswali hayo, na hata anaporudi nyumbani anatakiwa kuijulisha benki kwamba ukaazi wake umebadilika. Akiacha namba ya zamani, taarifa zake huendelea kupelekwa katika nchi ambayo hakai tena.

Asiye na namba

Kukosa namba hakuruhusu kubuni nyingine. Fomu za benki zinazofuata kiwango cha OECD kwa kawaida hutoa sababu tatu za kuchagua: A, nchi ya mhusika haitoi namba za mlipakodi kwa wakazi wake, B, mhusika hajaweza kupata namba, na lazima aeleze kwa nini, C, nchi yake haidai namba hiyo ikusanywe. Tanzania hutoa TIN, hivyo mkazi wake hawezi kuchagua A. Katika W-8BEN kazi kama hiyo hufanywa na kisanduku cha 6b, lakini kwa mtu mwenye TIN kisanduku hicho hakifai.

Kuweka sifuri tisa, 123456789, namba ya simu au namba ya pasipoti ili fomu "ikubali" ni kutoa taarifa ya uongo, na fomu nyingi husainiwa chini ya tamko la ukweli. Kwa mkazi wa Tanzania njia fupi zaidi ni kuomba TIN. TRA huitoa bure, na mtu mwenye namba ya NIDA anaweza kuomba kwa njia ya mtandao. Kuna TIN ya biashara na ile isiyo ya biashara, na anayeanza kufanya biashara kwa kutumia ile ya pili anapaswa kuwaarifu TRA.

Namna ya kuandika

Namba huandikwa kama ilivyo kwenye cheti. Mambo yafuatayo huharibu namba iliyo sahihi:

- Vistari na nafasi. Baadhi ya mifumo huvikataa. Katika hali hiyo 123-456-789 huandikwa 123456789, bila kubadili tarakimu yoyote.
- Herufi zinazofanana na tarakimu. Katika PIN ya Kenya, nafasi ya kwanza na ya mwisho ni herufi, na tisa za katikati ni tarakimu. Kinachofanana na O katikati ni sifuri.
- Sifuri za mwanzo. Programu za majedwali kama Excel huzifuta namba inapoingizwa kama hesabu. Excel pia huhifadhi tarakimu 15 tu na kugeuza zinazozidi kuwa sifuri, hivyo huharibu namba ya NIDA yenye tarakimu 20. Chama cha ushirika kinachoorodhesha wakulima wake kinapaswa kuweka safu ya namba kuwa ya maandishi kabla ya kuanza kuingiza.
- Kuongeza sifuri. TIN ya Tanzania haifanywi ya Uganda kwa kuongeza tarakimu ya kumi.
- Majina. Jina kwenye fomu lifuate mpangilio wa cheti cha TIN. Aliyesajiliwa kwa majina matatu asiandike mawili, na kampuni isiandikwe kwa jina la mwenyewe.
- Nchi. Jina la nchi liandikwe kando ya namba hata pale fomu isipolidai.

Uhakiki

Baadhi ya mamlaka huwezesha mtu yeyote kuhakiki namba mtandaoni. KRA ina huduma ya kuangalia PIN, na Umoja wa Ulaya una mfumo wa VIES wa kuhakiki namba za VAT, ingawa mfumo huo hauhusu namba za kodi za watu binafsi. Uhakiki huonyesha kwamba namba ipo, na mara nyingine jina la mwenye namba. Jina likitofautiana na la mnunuzi, mzigo haupaswi kuondoka kabla ya maelezo kupatikana.

Kosa likigundulika baada ya hati kutumwa, hurekebishwa kwa aliyeipokea: tamko la forodha kwa ofisi ya forodha kupitia wakala aliyelitoa, cheti cha kodi ya zuio kwa aliyekata kodi, fomu ya W-8BEN kwa kampuni inayolipa kwa kujaza nyingine mpya. Kufuta kwa kalamu na kuandika juu hakukubaliki. Marekebisho huwa mepesi kabla ya mzigo kuvuka na kabla ya mwaka wa mapato kufungwa. Baada ya hapo mhusika huhitaji kuthibitisha kwa ankara, hati za benki na vyeti vya TIN kwamba mtu aliyekusudiwa ni yeye.